Piki ya Prince Haikukubali Kugawanywa

Lilikuwa wazo la Olivier, fundi mwenye garaji kule Saio, mtaa wa mji wa Bunia, kwamba pikipiki ya marehemu Prince isiuzwe kwa mtu asiyemjua.

"Tuigawane siye wenyewe," alisema. "Kila mutu atembee na kipande yake. Hivi Prince atakuwa anashuka na siye Kasenyi kila dimanshi, sawa zamani."

Wenzake wote wa kundi la pikipiki waliona ni jambo la heshima, maana kila Jumapili walikuwa wakishuka pamoja hadi Kasenyi, ziwani. Kanyere, dada mkubwa wa Prince, ndiye aliyetangulia kuchagua, akachukua gidoni, yaani usukani, kwa sababu mpira wa mshiko wake wa kulia ulikuwa umelika kwa kiganja cha mdogo wake. Rémy akachukua amotisa za nyuma, zile za kumeza mashimo, Honorine akachukua tangi, na wengine wakachukua kiti, taa, vioo. Vingine ilibidi vikatwe na kulehemiwa upya ndipo vikae kwenye pikipiki zao. Injini peke yake haikupata mtu, maana haikuweza kuingia popote. Olivier aliipaka grisi, akaziba matundu yake kwa vitambaa, akaiweka juu ya shelfu, nyuma ya garaji.

Injini hiyo ilikuwa ya aina ya zamani, ile inayonyweshwa petroli iliyochanganywa na oili. Ilitoa moshi wa buluu na mlio mwembamba, mkali, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Katika kundi lao hakuna mwingine aliyekuwa na mashine ya namna ile. Jumamosi, walipokaa kwa Olivier kubishana habari za matairi na mnyororo na namna ya kushuka mlima bila kuunguza breki, Prince alikuwa akizomewa kwa ajili ya injini hiyo. "Hiyo si piki, ni mashini ya kusaga mihogo," Rémy alikuwa akimwambia. Prince alicheka tu, kisha Jumapili akawaacha wote nyuma.

Akafa akiwa mbele. Walikuwa wakishindana kutoka Bogoro kwenda chini Kasenyi, kwenye ziwa, na ukungu ulikuwa umeulalia mlima tangu asubuhi. Kwenye kona moja, pale barabara inapoanza kuinama sana, Prince, aliyekuwa akienda upande wa kulia kama ilivyo sheria ya kule, alikata kushoto, akavuka barabara nzima, akaingia korongoni. Aliyekuwa karibu naye ni Fiacre peke yake. Waliobaki walipofika walimkuta Fiacre amesimama ukingoni, kofia ya chuma mkononi, na Prince kule chini, kimya.

Olivier aliifungua injini kutafuta sababu. Pistoni ilikuwa safi, haikukwama. Breki zilikuwa nzima. Basi watu wakajaza sababu wenyewe: Fiacre alimpiga bega ili ampite. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini siku ya kugawana vipande hakuna pia aliyemwita. Fiacre aliuza pikipiki yake, akawa anatembea kwa miguu mjini akiangalia chini. Kanyere, aliyekuwa na kibanda cha vipuri sokoni, alimwona akipita mara nyingi. Mwaka mzima hakumsalimia.

Jumapili ya kwanza waliyotoka pamoja na vile vipande, kulikuwa na jua. Walipoacha nyumba za mwisho za Bunia na kukaa sawa barabarani, Kanyere alisikia mlio nyuma yake. Ulikuwa mwembamba, mkali, ukipanda na kushuka kama mtu anayekaza na kulegeza gesi. Akaangalia kioo. Aliona Honorine, na Rémy, na wengine anaowajua. Akapunguza mwendo ili wampite mmoja mmoja, na kila aliyepita alikuwa na mlio wake wa kawaida, mzito. Alipobaki wa mwisho, mlio ule ulikuwa mbele, katikati yao.

Bogoro walisimama kunywa soda. Rémy alikuwa akizungusha chupa mkononi bila kuinywa.

"Nani amekuja na mashini ya oili?" aliuliza mwishowe, bila kumtazama mtu.

"Hakuna," alijibu Honorine.

"Basi weye pia umesikia."

Honorine alivuta mkono wa jaketi lake mpaka ukafunika vidole.

Waliendelea, kwa kuwa kurudi kungekuwa kukubali kwamba kuna kitu. Kwenye ile kona, Kanyere alihisi gidoni ikigeuka. Haikugongwa na jiwe wala shimo. Ilivuta kushoto polepole, kwa nguvu iliyotulia, kama mtu mzima anavyomshika mtoto mkono na kumwelekeza. Aliizuia kwa mikono yote miwili, meno yameumana, na nyuma yake akasikia breki zikilia moja baada ya nyingine. Aliposimama na kugeuka, pikipiki zote zilikuwa zimesimama kiubavu, pua zote zikiangalia korongo.

Walirudi Bunia bila kushindana, kila mtu ameacha nafasi kubwa kati yake na mwenzake.

Olivier, ambaye hakwenda siku ile, aliwasubiri mlangoni mwa garaji. Kabla hawajasema kitu alisema yeye. "Mukuje muguse."

Aliwapeleka nyuma, kwenye shelfu. Injini ilikuwa pale pale, matundu yamezibwa, haina kabureta, haina hata waya. Kanyere aliweka kiganja juu yake na kukiondoa haraka. Ilikuwa ya moto. Vitambaa vilikuwa vimeungua pembeni, na chumba kizima kilinuka petroli na oili iliyoungua.

"Garaji ilikuwa imefungwa na kufuli," alisema Olivier. "Mimi nilitoka kanisani nikafungua, nikakuta hivi."

Ubishi ulidumu mpaka jua likaanza kuzama. Rémy alitaka vipande vyote vitupwe ziwani. Honorine alisema mchungaji aitwe kwanza. Mwingine alitaka anunue kiti kipya, kile cha Prince kirudi hata leo. Kanyere alisikiliza mpaka wakachoka.

"Murudishe vyote hapa," alisema. "Olivier, uiunge tena. Nzima."

"Halafu nani ataipanda, Yaya?"

Hakuna aliyekuwa akimwita Yaya, dada mkubwa, isipokuwa Prince. Olivier alilisema bila kufikiri, kisha akaziba mdomo.

"Nitaipanda mimi," Kanyere alisema. "Kama iko na pahali inataka kwenda, iende na mutu wa kwao."

Wiki ile Olivier akaiunga. Jioni moja Kanyere alikuwa akimsaidia kukaza mnyororo, akaona viatu vimesimama mlangoni. Aliinua macho. Ni Fiacre. Alikuwa amekonda, shati linamcheza mabegani.

"Nimesikia munaiunga," alisema. "Nilitaka tu kuiona."

Olivier aligeukia kazi yake. Kanyere hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Fiacre aliitazama pikipiki toka gurudumu la mbele hadi la nyuma.

"Sikumugusa, Mama Kanyere. Nilikuwa nyuma. Niliona taa yake ya nyuma ikivuka barabara, basi. Piki yangu ikanipeleka mbali chini kabla ya kusimama, nikarudi. Ningekuwa nimemugusa ningesema, hata munipige."

Kanyere aliendelea kukaza. Alitamani kumwamini na alitamani kumrushia spana, na vyote viwili vilimjia kwa nguvu sawa. Alipoinua tena kichwa, Fiacre alikuwa ameondoka.

Jumapili akaenda peke yake. Rémy na wengine walisema watamfuata kwa mbali, naye akawakataza. Pikipiki iliwaka kwa teke la kwanza. Alipopita Bogoro ukungu ulikuwa umeshuka kama siku ile, na aliendesha akisikia ule mlio chini yake, na mara nyingine, akifunga gesi, ukiendelea kidogo kupita mkono wake ulivyotaka.

Kona ilipotokea, gidoni ikageuka. Kanyere alikuwa amejiambia njia nzima kwamba hataishindania, lakini mikono yake ilikataa, ikashikilia. Ndipo akafumba macho na kuilegeza.

Pikipiki ilivuka barabara. Ikainama. Kanyere alingoja kuanguka. Badala yake alihisi udongo laini chini ya gurudumu, na majani yakimpiga magoti. Alifumbua macho. Alikuwa kwenye kinjia chembamba cha miguu kilichoshuka kando ya korongo, ambacho mtu wa barabarani hawezi kukiona. Pikipiki ilimshusha taratibu, kwa gia ya kwanza, mpaka mbele ya kibanda cha udongo kilichofunikwa turubai, ikazimika yenyewe.

Mwanamke mzee alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mdogo mgongoni. Mbele yake, kwenye uwanja uliofagiwa, palikuwa na kiti kitupu.

"Leo umekuja na mwili," alisema yule mama.

Kanyere alishindwa kushuka.

"Unanijua, Mama?"

"Weye sikujui. Hii sauti ndiyo najua." Alinyoosha kidole kwenye injini. "Kila dimanshi inashuka pa hii njia, inafika hapa mbele ya mulango, inanguruma, inanyamaza. Natoka, hakuna mutu. Iko tu moshi na joto. Mwanzo nilikuwa nafunga mulango, ninaomba. Kiisha nikaona haitanifanya mubaya. Nikaanza kutoa kiti."

Jina lake lilikuwa Gertrude. Alikuwa mkulima wa Djugu, amekimbia vita, hakuwa na mtu pale isipokuwa yule mjukuu. Alimkalisha Kanyere kwenye kile kiti, akampa maji, na alipoona ameyanywa, akamwambia.

Siku ile alikuwa anatoka kuokota kuni, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Alikuwa katikati ya barabara pikipiki ilipotokea kwenye ukungu. Hakupata hata nafasi ya kutupa kuni. "Alituona," alisema. "Niliona macho yake ndani ya ile kofia. Akakata kushoto. Upepo yake ilipita hapa." Aligusa shavu.

Alikuwa ameshuka korongoni kumfuata. Alimwinua kichwa, akakilaza kwenye paja lake. Prince aliuliza kitu kimoja tu: mtoto ni mzima? Gertrude alimwambia ni mzima, akamgeuza mtoto ili amwone. Kisha akasikia juu pikipiki nyingine ikisimama, na nyingine zikija.

"Nikakimbia," alisema. "Mimi ni mugeni hapa. Nilijua wakinikuta na maiti ya mwenzao, watasema mimi ndiye nimemuua. Wangenichoma pamoja na mutoto. Nilimuweka kichwa chini polepole, nikapita chini ya majani. Nimesikia mukilia. Sikutoka."

Kanyere alimtazama yule mtoto, aliyekuwa amelala mdomo wazi kwenye mgongo wa bibi yake. Alingoja hasira ije. Ilikuja, lakini haikuja kwa Gertrude. Ilikuja kwa mwaka mzima wa kupishana na Fiacre sokoni.

"Kuna mutu mumoja," alisema, "ambaye watu wanasema alimusukuma."

Gertrude aliinamisha kichwa. "Mulete," alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Nimechoka kuogopa."

Pikipiki haikuwaka tena. Kanyere aliipiga teke mpaka mguu ukauma, kisha akapanda kwa miguu hadi Bogoro na kumpigia simu Olivier. Walikuja kuivuta kwa kamba na kuipeleka Saio, na Olivier alipoifungua injini aliita wenzake wote waje waone. Pistoni ilikuwa imegandamana na silinda, kutu nyekundu pande zote, kana kwamba ilikaa ndani ya maji miaka. Mkono wa Olivier mwenyewe ndio uliokuwa umeipaka grisi.

"Hii haikutembea," alisema. "Hata kutoka hapa kwenye lango, haikuweza."

Kanyere hakubaki kubishana nao. Alikwenda nyumbani kwa Fiacre, akabisha hodi, na mlango ulipofunguliwa alishika mikono yake yote miwili mbele ya mama yake na majirani, akamwomba msamaha kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Wakati Rémy alipopata habari, alikuja pia, akasimama uani akikwaruza udongo kwa kiatu mpaka Fiacre mwenyewe akamwambia akae.

Walishuka kwa Gertrude Jumapili iliyofuata, Kanyere na Fiacre, kwa pikipiki ya kawaida ya Kanyere. Yule mama alimsimulia Fiacre yote tangu mwanzo, akimwangalia machoni. Fiacre alisikiliza kofia ingali kichwani, na hakuivua hata yule mama alipomaliza, ila mabega yake yalikuwa yakitikisika. Kanyere alimwachia nafasi. Alichukua mtoto, akatembea naye hadi mahali Prince alipolala, akamwonyesha, ingawa mtoto alitaka tu kung'oa majani.

Walipokuwa wanarudi, Fiacre aliomba aendeshe. Tangu siku ile hakuwa ameshika gesi. Alipanda mlima taratibu, kama mwanafunzi, na Kanyere akakaa nyuma yake, mikono kwenye magoti. Ukungu ulikuwa bado. Karibu na Bogoro Fiacre alipunguza mwendo, akageuza kichwa nusu.

"Yaya Kanyere, uko unasikia kitu?"

Kanyere akasikiliza. Kulikuwa na injini yao, nzito, ya kawaida, na mbuzi mahali fulani kwenye ukungu. Alisikiliza tena, kwa bidii, mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu alitambua kwamba alikuwa ametumaini kuusikia mlio ule.

"Hapana," alisema. "Endelea tu."