Sauti ya Pazi

Msinicheke. Yaani, chekeni, ndiyo kazi yangu, lakini hili nalisema kwa uchungu.

Mimi Mrisho, mtoto wa mpagazi wa Kinyamwezi aliyelowea Bagamoyo. Pazi ni Mzaramo wa Mlingotini, kanizidi miaka sita. Watani, basi. Harusi gani tulikosa? Mimi namtukana, yeye ananirudishia, watu wanashika mbavu. Nikimwambia hata kuku wa kwao wanazaliwa wamechoka, atajibu babangu alibeba mizigo ya watu mpaka akasahau kwao. Peke yangu sikuwa kitu, na nilijua.

Mwaka hamsini na tatu redio ya Dar ikatafuta mchekeshaji wa kipindi cha Alhamisi. Mmoja tu, wakasema, chumba kidogo. Nikaona, ah, sauti ya Pazi si naijua? Nikaenda, nikawa najitukana kwa sauti yake na kwa jina lake, namjibu kwa yangu. Sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu, sina wa kumsingizia.

Wallahi, nilivuma! Mikahawani Kariakoo watu waliacha kahawa ipoe. Lakini mle chumbani kuta zimevishwa mablanketi, mbele yangu kioo, na nyuma ya kioo fundi anayetazama saa. Nasema neno la kuua watu kwa kicheko, kimya. Miaka mitatu sikusikia mtu akicheka. Upweke ule ukanishinda, nikambana mkubwa wa kipindi mpaka akakubali: haya, mlete huyo Pazi wako.

Nikapanda basi, nikashuka, nikatembea hadi Mlingotini. Nikasimama uani kwake, nikapaza sauti kama zamani: "We Mzaramo mvivu, bado umelala? Toka nje nikuone unavyooza!"

Mkewe, Mwanvita, akaacha kutwanga. "Shemeji, haendi tena harusini," akasema taratibu. "Mara ya mwisho walimwambia anamwiga Pazi wa redioni, tena hamfikii."

Pazi akatoka, kavaa kanzu, kofia mkononi. Nikamsubiri anitukane. Ya Rabi, hata tusi moja dogo.

"Shikamoo, bwana," akasema.

Nikacheka, nikidhani ndiyo kaanza. Yeye hakucheka. Mkubwa wangu, mtani wangu, ananipa shikamoo! Akaniletea kiti, mwenyewe akakaa jamvini. Nikamweleza: vipaza sauti viwili, mimi na wewe, kama zamani. Nikamwomba radhi. Nikalia, sifichi.

"Sauti yangu si unayo, bwana? Itumie tu," akasema. "Mwanvita, mpe mgeni chai."

Mgeni! Nikainywa ile chai.

Alhamisi nikarudi mle chumbani. Nikamtukana Pazi, ikaja zamu yake ya kujibu. Nikatafuta tusi, sikulipata. Kwa sauti yake nikasema, "Shikamoo, bwana." Yule fundi nyuma ya kioo, ambaye sikuwahi kumwona hata akitabasamu, akacheka mpaka akafuta machozi.