Kivuli cha Sista Scovia

Basi la kampuni lilitoka Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi jijini Doha, saa kumi na moja alfajiri, likawafikisha watu Al Wukair kabla jua halijakaza. Wa mwisho kushuka alikuwa Scovia, muuguzi wa eneo la ujenzi, na pamoja naye kikashuka kivuli cha mwavuli, cha upana wa mkeka, pasipo mwavuli.

Kwao, magharibi mwa Uganda, Scovia alizaliwa katika nyumba ya kifalme, na tangu utotoni alikuwa na mtu wa kumshikia mwavuli. Baba yake alipofariki na kaka yake akawa mfalme, wazee walimwita akalie kiti cha dada wa mfalme. Aliomba kwanza aende kanisani. Aliporudi aliwaambia kwamba Kristo hakuja kutumikiwa, na yeye pia ametosheka na kutumikiwa. Binamu yake Michelle akaachiwa nyumba, ng'ombe na heshima ya kupigiwa magoti. Mwavuli nao ukabaki. Kivuli chake ndicho kilichokataa kubaki. Alipokwenda Qatar kufanya kazi ya uuguzi, afisa katika uwanja wa ndege wa Doha alikitazama, akauliza kama ni mzigo wa mkononi, akagonga mhuri.

Mwezi wa Julai, Jeremiah, fundi vyuma kutoka Kisumu, alilegea akaanguka juani. Scovia alipiga magoti, akamvua viatu, akamnywesha maji yenye chumvi na sukari. Kivuli kikapanuka kikawafunika wote wawili. Alipomhudumia mtu wa pili, kikapanuka tena. Baada ya wiki mbili, wanaume sitini walikuwa wakilala chini yake saa zile za mchana ambazo sheria inakataza kazi ya juani. Iddi, fundi zege wa Tanga, alimtafutia kiti. Hakukikalia, alikuwa akigawa maji.

Mhandisi alikuja na kipimajoto. Nje kilisoma nyuzi arobaini na saba, kivulini thelathini. Akapiga simu ofisini. Ofisi ikajibu kwamba mapumziko ni ya watu walio juani, na hawa hawako juani. Kuanzia kesho yake kazi ikawa ya mchana kutwa.

Scovia alimfuata mhandisi kwenye kontena lake la ofisi.

"Kivuli hiki nimepewa cha kupumzishia watu," alisema.

"Basi ondoka nacho, Sista. Zege litamwagwa hivyo hivyo."

Aliandika barua tatu kwa wakubwa wa kampuni, na zote zikapokelewa. Michelle alipopiga simu kumwambia kwamba kiti bado ni chake akirudi, alimshukuru, akamwambia ana watu sitini wa kuangalia. Kisha akaenda kumuuliza Iddi wafanyakazi wenyewe wanataka nini.

Iddi alifikiri huku akikung'uta glavu zake. "Ukiondoka tutaungua, ukibaki tutachoka. Afadhali tuchoke, dada."

Akabaki. Zege la ghorofa ya tatu lilipomwagwa alipita katikati yao, akisogea upande walikozidi watu, na hakuna aliyeanguka tena. Wala hakuna aliyepumzika.

Mwisho wa Agosti kampuni ilimwingiza kwenye orodha ya mitambo, kati ya winchi na jenereta, ikamletea karatasi atie sahihi. Scovia aliisoma yote kwa utulivu. Walikuwa wamekosea herufi moja ya jina lake. Akairekebisha, akatia sahihi, akajaza ndoo maji na kuwafuata watu juu.