Aliyengoja Sauti ya Redio

Mbithe wa redioni alikuwa na sheria moja, na ndiyo iliyompa jina kote Makueni: hasomi tangazo la kifo mpaka ukoo wenyewe umpigie simu. Vituo vingine vibwabwaje vinavyotaka. Mbithe akisema mtu amekufa, chimbeni kaburi.

Kisha akaja Kanyi, meneja mpya. "Dada, watu wanaweka picha Facebook ajali bado inatoa moshi. Sisi tunangoja wazee wa ukoo wamalize chai!"

"Haraka haraka haina baraka," Mbithe akamwambia.

"Lakini ina wafuasi."

Akafungua namba ya WhatsApp, kila msikilizaji atume habari, isomwe papo hapo. Kila msikilizaji! Hata mlevi mwenye simu ya kuazima.

Jumanne ikaingia picha: lori limepinduka karibu na Mtito Andei, dereva kafunikwa leso. Chini imeandikwa, "Kitheka wa Mbumbuni. Ameenda." Mbithe akasita. Kanyi akagonga kioo cha studio: soma! Akasoma. Mungu amsamehe, akasoma, tena kwa ile sauti yake ya upole.

Maoni yakamiminika. Pole, pole, pole. Kanyi akapiga makofi, mtu asiye na haya.

Jamaa za Kitheka walizunguka mochari moja baada ya nyingine, hayupo. Hospitali hawakukanyaga, maana maiti hatafutwi wodini. Kumbe alikuwa wodini Mtito Andei, hai, anamwita mama yake. Aliita mpaka akachoka. Alikufa bila mtu wake hata mmoja kando ya kitanda.

Baada ya mazishi Mbithe alienda kwao Mbumbuni. Akamkuta Kanini, mama ya Kitheka, ameketi jikoni na redio yake ndogo mapajani, imezimwa. Akapiga magoti. Vijana wa boma wakatoa simu, wakaanza kumrekodi.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe."

Kanini hakumtazama. "Majirani waliniletea ile picha asubuhi. Nikawafukuza. Nikawaambia hao wa simu ni waongo, Mbithe hajasema. Tukakodi gari, tukashika njia ya hospitali. Tulikuwa tumekaribia, binti yangu. Tulikuwa tumekaribia kabisa."

Akaiweka redio sakafuni, mbele ya magoti ya Mbithe.

"Ndipo ukasema. Tukageuza gari."