Sukari ya Kufunga

Mtoto wao wa kwanza walimzika nyuma ya migomba, hata jina hakupata. Kwa hivyo Lorna alipoambiwa kliniki kwamba mimba hii ya pili imekuja na kisukari, akapewa na sindano za insulini za kujidunga nyumbani, mumewe Angwenyi aliapa: huyu hafi.

Akashika simu kutafuta elimu. Jamani, elimu gani ile! Ukurasa wa Kiingereza ulimtoa jasho mstari wa pili tu. Akabonyeza upate kutafsiriwa, nao ukamtapikia Kiswahili kisicho na kichwa wala miguu. Aliambulia sentensi moja: "Sukari ya kufunga iwe chini kuliko sukari ya baada ya chakula."

"Kumbe!" akamwita mkewe. "Ukifunga, inashuka!"

Angwenyi alikuwa shemasi wa Kisabato, na shemasi haambiwi mara mbili habari ya kufunga na kuomba. Asubuhi iliyofuata Lorna alijidunga sindano kama alivyoagizwa, hakutia kitu mdomoni, wakapiga magoti. Jua lilipopanda alianza kutetemeka. Jasho likamtiririka, ulimi ukawa mzito, akamwita mumewe kwa jina la kaka yake. Angwenyi akampigia simu nesi Sheila wa kliniki.

"Amekula nini?"

"Hajala, sista. Amefunga, vile imeandikwa kwa simu."

"Mungu wangu! Hiyo kufunga ni kupima kabla ya chai ya asubuhi, si saumu! Mpe sukari sasa hivi, halafu umlete!"

Angwenyi alikoroga sukari kwenye kikombe cha maji kwa haraka, nusu ikamwagika. Lorna alipoona kijiko akakaza meno.

"Fungua, mama. Saumu imekwisha."

"Utamuua."

"Fungua, nakusihi! Ni mimi nilikosea kusoma!"

Lorna hakusikia. Tangu siku ya kliniki hakuwa ameonja sukari hata kwenye chai, na leo baba wa mtoto ndiye anayemshindilia! Alikipiga kijiko kikaruka. Angwenyi akajaza kingine, analia, mwanamume mzima, akambembeleza mpaka mdomo ukaachia kidogo, akamimina.

Lorna akameza. Akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu," akaliambia.

Akameza tena, akaomba tena msamaha. Kila kijiko alimwomba mtoto radhi, na Angwenyi akaendelea kumlisha.