Kichochoro cha Mama Laurette

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo. Usiachie."

Nasoro alikuwa amelala chali chini ya Landrova, akilegeza kiskrubu cha kutolea hewa kwenye gurudumu la nyuma. Mafuta ya breki yalipita kwenye mpira mwembamba na kumwagikia kwenye chupa ya plastiki, bado yana viputo. Akakaza kiskrubu.

"Achia."

Juu, kwenye kiti cha dereva, jirani yake Charlotte alishusha pumzi. Barazani watu walimwita Mama Laurette, kwa jina la binti yake.

"Baba Safi, mguu wangu umeshakuwa wa dereva. Kesho minye mwenyewe napeleka watu Bukavu."

"Barabara ya Bukavu haipitiki."

"Basi nitawazungusha humu uani. Watalipa nusu."

Nasoro alicheka kimya kimya, tumbo likigusa shasi. Miaka mitano alikuwa akilitengeneza gari hili, na kila alipohitaji mguu wa pili alimwita Charlotte kwa kupaza sauti juu ya ukuta. Charlotte alikuja na kitenge chake chenye harufu ya ndagala, dagaa wa sokoni, akapanda, akakanyaga alipoambiwa.

"Tena. Kanyaga."

Safari hii viputo havikutoka. Alikaza, akajipangusa mikono, akabaki amelala kidogo. Mnunuzi alikuwa anakuja saa nne. Akilichukua gari, Nasoro angepanda boti pale Kalundu aende Kigoma, kwa binti yake Safi, ambaye alikuwa na watoto wawili babu yao hajawaona ila kwenye simu. Kila Safi alipopiga, jibu lilikuwa moja: gari likisimama, nakuja. Gari sasa lilikuwa limesimama. Na kulikuwa na jambo moja ambalo Nasoro alilijua kwa mwaka mzima na hakumwambia mtu.

Jambo lenyewe lilianza mwaka ule mto Mulongwe ulipofurika. Maji yalichukua vyumba viwili vya Charlotte na kuacha mawe mahali pa vitanda. Upande wa mto haukujengeka tena. Uliobaki ulikuwa upande wa kichochoro, njia pekee ya kutoka uani kwa Nasoro mpaka barabarani. Nasoro akasema atampa sehemu ya kichochoro. Wakamwita mkuu wa avenue, yaani wa mtaa, na majirani wanne, wakala mikate na chai mbele ya kila mtu, kama inavyofanywa ardhi inapotoka mkono hadi mkono, ili kesho asitokee wa kusema hakuona. Kilichotolewa hivyo hakirudishwi, hata na watoto wa aliyetoa.

Kabla ya kutoa, Nasoro alipima. Yeye alikuwa mtu wa kupima. Alichukua kamba, akainyoosha kutoka ngoma ya breki ya kushoto hadi ya kulia, akaongeza upana wa vidole vinne, akafunga fundo. Charlotte akajenga kwa matofali ya kuchoma mpaka kwenye fundo lile. Ila siku ile gari lilikuwa juu ya magogo, halina magurudumu wala mabawa ya kuyafunika, na bati zake zote zilikuwa juu ya paa la nyumba, alikozipandisha maji yasizibebe. Nasoro alikuwa amepima mifupa.

Mwaka jana, alipofunga bawa la mwisho, alileta kamba kwa kujifurahisha tu. Kamba haikufika. Ilipungua kiganja kizima kila upande. Alipima mara tatu. Wakati huo Charlotte akaita kutoka ng'ambo, "Baba Safi, umeshakula?" naye akajibu kuwa ameshakula, ingawa alikuwa hajala. Akaikunja kamba. Alijiambia kwamba siku mnunuzi akipatikana, na njia itapatikana.

Mnunuzi alikuwa Domitille, mwanamke wa Nyakabere anayekusanya mpunga kwenye vijiji vya bonde na kuuleta mjini. Alikuja na mdogo wake Vainqueur, dereva, aliyevaa miwani ya jua hata kivulini.

"Shikamoo mzee. Ndiyo hii?"

"Marahaba. Ndiyo hiyo."

Domitille hakuwa mtu wa kudanganywa. Aligonga bati kwa kidole kilichokunjwa, akachomoa kipimo cha oili akainusa, akamtuma mdogo wake apitishe nyundo kwenye shasi yote akisikiliza mlio.

"Iko mzima," Vainqueur alisema akitoka chini na vumbi mgongoni. "Lakini usukani uko kulia, upande wa bibi harusi!"

"Imetoka Tanzania, kule wanaendesha hivyo," Nasoro alisema.

"Na ndiyo maana minye nimekaa hapo tangu asubuhi," Charlotte akadakia, na Domitille akacheka kwa mara ya kwanza.

Mota iliwaka kwa mzunguko wa pili. Vainqueur alienda mbele hatua nne, akakanyaga breki, gari likasimama palepale. Akarudi nyuma hatua nne, likasimama tena. Nafasi ya zaidi haikuwepo.

"Nimeipenda," Domitille alisema. "Matope ya Katogota yanataka gari kama hii, siyo hizi zenye kompyuta. Itoe barabarani niione ikipanda kilima, tumalize."

Nasoro aliingiza mkono dirishani, akazima mota. Akaenda kusimama kwenye mdomo wa kichochoro, mkono mmoja juu ya ukuta wa Charlotte.

"Haipiti," alisema.

Vainqueur alivua miwani na kushuka. Akatembea kichochoroni amenyoosha mikono, akarudi akiutazama upana wa gari. "Kweli haipiti. Mzee, uliingizia wapi?"

"Hapa hapa. Ukuta haukuwepo."

Domitille aliutazama ukuta, halafu akamtazama Charlotte. Hakuwa na ubaya, alikuwa mtu wa kazi. "Mama, huu ni wako? Nitaleta waashi wawili. Wanavunja leo, gari inatoka, keshokutwa wanarudisha, na saruji juu yangu."

Charlotte alimgeukia Nasoro.

"Weye ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Nilipofunga mabawa."

"Mwaka mzima." Sauti yake ilishuka. "Mwaka mzima unapita hapo asubuhi unanisalimia. Unaniita nikukanyagie breki. Na moyoni unahesabu matofali yangu."

"Sikuhesabu matofali, Mama Laurette. Niliona aibu. Ni mimi niliyepima vibaya."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungevunja."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya ukuta ule alikuwa amelala Laurette na mtoto wake wa wiki tatu, na boriti za paa zilikaa juu ya matofali yaleyale. Wingu lilikuwa limeshafunika milima.

"Vunjeni," alisema. "Nisije nikaambiwa minye ndiye nilimzuia mtu asione wajukuu zake. Vunjeni!" Akaondoka, na mlango wake ukafungwa kwa kishindo. Mtoto akaanza kulia ndani.

Domitille alingoja. Nasoro alisikiliza kilio kile mpaka kilipotulia. Kutoka alipokuwa amesimama aliona kipande cha barabara, chembamba kama mlango, na watu wakipita wamebeba madumu ya maji. Alikuwa amewaona hivyo kwa mwaka mzima, mmoja mmoja, wakitokea ukuta huu na kupotelea ukuta ule.

"Hatuvunji," alisema. "Nitaifungua."

"Kufungua nini?"

"Gari. Bati, mota, shasi. Hakuna nilichokichomelea, vyote ni bolti. Shasi watu sita wanaipitisha kwa ubavu. Naifunga upya barabarani."

"Miaka mitano unaifunga, leo uifungue?" Vainqueur alisema.

"Ukiijua, siyo miaka mitano. Wiki moja kufungua, mbili kufunga, mvua ikiruhusu."

Domitille alihesabu siku kwa vidole. "Mpunga haungoji, mzee. Jumapili napita. Nikikuta shasi iko nje, nangoja hizo wiki mbili. Nikikuta bado iko humu, nachukua nyingine, niliyoiona Sange."

Aliondoka, akamwacha mdogo wake asaidie. Nasoro alienda kugonga kwa Charlotte, kwa sababu vipande vikilala barabarani vingeibwa, na mahali pengine pa kuviweka hapakuwepo isipokuwa mbele ya nyumba yake. Charlotte alipofungua mlango hakumkaribisha.

"Naomba nafasi mbele hapo. Ya bati, na baadaye mota."

"Weka," Charlotte alisema. "Lakini usinipe pole. Leo sitaki pole."

Walianza na bawa la kushoto. Nasoro alitandaza funguo zake za inchi, spana alizonunua Kigoma zamani, kwa sababu gari hili halikubali funguo za milimita ambazo mji mzima unazo. Alifungua bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiziweka kwenye makopo kwa mpangilio. Vainqueur, upande wa pili wa bawa, alitoa ufunguo wake namba kumi na tatu mfukoni, akaujaribu kwenye nati ya nusu inchi. Uliingia. Ulicheza kidogo, lakini uliingia.

"Siyo huo!" Nasoro alisema, akichelewa.

Ufunguo uliteleza kwa mlio mkavu. Pembe za nati zikalika, ikabaki duara kama kifungo.

"Mzee, samahani. Ulikuwa unashika."

"Unashika, ndiyo. Kila mtu hapa hukosea hivyo hivyo." Nasoro alipitisha kidole juu ya nati. Hakuna ufunguo ambao ungeishika tena. Ingehitaji kukatwa kwa tindo, na tindo likipigwa kwa haraka lingepasua aluminiamu ya bawa. Kwanza kutu ilainike.

Matone ya kwanza yalianza kugonga bati. Nasoro alimimina mafuta ya breki kuizunguka nati, akangoja yazame, akamimina tena. Akaifunika kwa kipande cha nailoni na kukifunga kwa uzi. Bawa lilining'inia kwa bolti hiyo moja, limejitenga na gari kwa upana wa mkono.

"Njoo saa kumi na mbili asubuhi," alimwambia Vainqueur, akikusanya funguo zake. "Na huo namba kumi na tatu uuache nyumbani."