Siri za Kuazima kwa Wiki Tatu

Orysia Hnatiuk alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya maktaba ya Dobrin kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa muda wote huo hakuna aliyepata kujua kutoka kwake jirani anasoma nini. Wake walijaribu kuulizia vitabu vya waume zao, wakaambulia patupu. Mchungaji alijaribu, kwa upole wake wa kichungaji. Mara moja alikuja hata askari na kidaftari chake, akaondoka ameazima kitabu cha mapishi ya kabichi ambacho hakukijia. Dobrin ni mji wa watu mia sita, na kwenye mji wa watu mia sita mtu wa kufunga mdomo namna hiyo hapatikani kirahisi.

Septemba, Ofisi ya Kanda inayosimamia maktaba ikaleta waraka. Kila mkutubi ajaribu zana kumi za mtandaoni, na kwa kila moja aandike alichofanya nayo na alichojifunza. Mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya Novemba, saa kumi na moja jioni. Atakayemaliza atapewa cheti cha kujiendeleza kikazi. Tawi ambalo mkutubi wake hana cheti, kuanzia Januari litaendeshwa kwa kadi ya plastiki: unaigusisha mlangoni, unaingia, unachukua kitabu chako, unatoka. Kaunta itabaki. Mtu wa kaunta ndiye asiyebaki.

"Umri huo wakufundishe kompyuta?" alisema Wendell Friesen, mstaafu wa ghala la ngano, ambaye kila asubuhi akitoka kwenye meza ya kahawa ya ukumbi wa kuteleza kwenye barafu huja kumalizia magazeti maktabani. "Si bora wamfundishe ng'ombe kuteleza."

"Ng'ombe hana hamu," Orysia akamjibu. "Mimi ninayo. Na wewe geuza gazeti, umelishika kichwa chini."

Hamu alikuwa nayo kweli, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti yamechoka, na angeweza kununa kama walivyonuna wakutubi wa matawi mengine. Yeye akaliingilia jambo hilo kama msichana aliyepewa baiskeli. Maneno ya siri yalipomzidi, aliyaandika kwenye kadi za zamani za katalogi, akazipanga kwa nambari za masomo, akazifungia kwenye droo. Zana ilipogoma, aliisemesha kwa Kiukraini cha bibi yake mpaka ikakubali, au mpaka yeye mwenyewe alipogundua alikuwa anabofya pasipotakiwa.

Shida yake ilikuwa moja: hakuweza kujifunza hewani. Mafunzo yalisema, tunga mfano wowote. Orysia hakujua kutunga msomaji. Kwa hiyo kila zana aliijaribu kwa swali la kweli la mtu wa kweli aliyesimama mbele ya kaunta. Zana ya pili, ya ramani, aliitumia kumtafutia Thora Bjarnason, dereva wa basi la shule, mji alikozaliwa mama yake wa kumzaa, mama ambaye Thora hakuwahi kumwona. Zana ya nne, ya kurekodi sauti, ilikwenda kwa mkulima mmoja aliyetaka kumuaga kaka yake vizuri mazishini na hakuwahi kuongea mbele ya watu.

Zana ya sita ilikuwa kalenda. Siku moja ya Oktoba, maktaba ikiwa tupu, Wendell alikuja kwenye kaunta akaanza kuongea na mashine ya muhuri badala ya kuongea na Orysia. Lavonne, mkewe, aliyepiga kinanda kanisani miaka arobaini, alikuwa ameanza kusahau. Anaamka hajui ni siku gani. Wendell akitoka, anamtafuta nyumba nzima.

"Asijue mtu," alisema Wendell. "Hasa wale wa kahawa."

"Nani kakwambia mimi husema?"

Orysia akatengeneza kalenda. Kila asubuhi, tableti iliyo kwenye meza ya jikoni kwa Lavonne inaonyesha picha na maneno machache: *Leo ni Jumanne. Wendell yuko kwenye kahawa. Atarudi saa nne. Supu iko kwenye friji.* Wiki ya kwanza Lavonne hakuiamini. Wiki ya tatu Wendell alirudi saa nne na dakika kumi, akamkuta mkewe amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anamwambia amechelewa. Alipomsimulia Orysia jambo hilo, alipenga kamasi, akasingizia mafua.

Sasa, kila zana, ukimaliza, inakuuliza: nani aone? Orysia hakufikiria mara mbili. Mara zote kumi alichagua *mimi na mwenye jambo tu*. Mkutubi mwingine angeweza kusahau kubofya hapo. Yeye, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, hangeweza.

Jumatano ya wiki ya mwisho simu ililia. Alikuwa Corliss Tait, msimamizi wa mafunzo huko Kanda.

"Orysia, mbona huna hata moja?"

"Ninazo kumi. Nilimaliza wiki iliyopita."

"Mashine inasema sifuri." Vidole viligonga kibodi upande wa pili. "Aa. Umezifunga zote. Mashine haihesabu kilichofungwa. Zifungue tu, ni kubofya mara mbili."

Orysia akakaa. "Siwezi. Humo mna mambo ya watu."

"Ondoa majina."

"Corliss, huu ni mji wa watu mia sita. Nikiandika dereva wa basi la shule nimeshamtaja, basi liko moja."

"Basi nionyeshe mimi peke yangu, nijaribu kukutetea."

"Na wewe si mtu?"

Corliss alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema anamheshimu sana, na alikuwa anasema kweli, lakini sheria haikuandikwa na yeye. Ijumaa saa kumi na moja, mashine itafunga hesabu.

"Basi iandike sifuri," alisema Orysia, akaweka simu chini. Maktaba ya Dobrin ni chumba kimoja. Wendell alikuwa nyuma ya gazeti, na gazeti halizuii sauti. Alivaa koti lake akatoka bila kulikunja gazeti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alhamisi Orysia hakumwomba mtu yeyote ruhusa. Angeweza, nambari zao zote alikuwa nazo. Lakini ukimwomba mtu siri yake huku umeshika shida yako mkononi, atakupa hata kama hataki, na huko si kuomba. Akajaribu kuanza upya kwa mifano ya kubuni. Mpaka mchana alikuwa na orodha moja ya vitabu vya nyuki kwa msomaji asiyekuwepo. Akaisoma, akaona haya, akaifuta. Jioni aliiangalia ile kaunta, kona yake iliyopauka kwa viwiko vya watu, na akalia kidogo, kwa sababu aliipenda.

Ijumaa asubuhi, kabla hajavua buti za theluji, Thora Bjarnason aliingia, basi likiunguruma nje.

"Fungua langu," alisema Thora.

"Nani kakwambia?"

"Wendell, kwenye kahawa. Kasema Orysia atafungiwa mlango kwa sababu kafunga mdomo. Halafu akatuambia la Lavonne. Pale pale mezani, kikombe mkononi." Thora akavuta pumzi. "Hakuna aliyecheka, dada. Hata wale wanaocheka kila kitu. Nikajiambia, kama Wendell kaweza, mimi langu ni lipi?"

Orysia alimtazama mpaka akahakikisha hakuna aliyemsukuma. Kisha akafungua droo, akatoa kadi ya kuazimia ya zamani, ile ya karatasi ngumu, akaandika: *Mwazimaji: Orysia Hnatiuk. Kilichoazimwa: siri moja.* Thora akatia sahihi kama mwenye mali. Orysia akaigonga muhuri wa tarehe: 20 Desemba.

"Wiki tatu, kama kitabu. Siku hiyo narudisha, nafunga, hata kama wewe umesahau."

"Na ukichelewesha?"

"Mimi?" alisema Orysia, na Thora akacheka mpaka akakumbuka watoto walio kwenye basi.

Walikuja mmoja mmoja, kila mtu akijifanya amekuja kurudisha kitabu. Yule mkulima wa mazishi alisimama kwenye rafu ya vitabu vya mashine za shambani nusu saa kabla ya kupata ujasiri. Ilipofika saa tisa, tisa zilikuwa wazi, na kadi tisa zimekwenda na wenyewe. Ilibaki ya sita.

Wendell alikuwa amekwisha kuisema mwenyewe mbele ya wale wa kahawa. Lakini Orysia hakuigusa. Lile jambo lilikuwa la Lavonne, na Lavonne hakuwa kwenye ile meza.

Saa kumi na nusu mlango ulifunguka. Wendell aliingia amemshika mkewe mkono, Lavonne amevaa koti lake jema la kanisani.

"Nimemuuliza," alisema Wendell. "Tangu asubuhi amekubali mara nne."

"Kila mara anasemaje?"

"Maneno yale yale."

Lavonne alikuwa anaangalia huku na huku kwa adabu. "Tumekuja kufanya nini hapa?"

Orysia akatoka nyuma ya kaunta, jambo analolifanya mara chache, akamshika mikono. Akamweleza taratibu yote: kalenda, kusahau, watu kuona. Hakulainisha neno.

Lavonne alisikiliza mpaka mwisho. "Ni wewe unayetaka, Orysia?"

"Ni mimi."

"Basi mpe," alimwambia Wendell, na Wendell akageukia dirisha. Lavonne akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani, akaitia kadi kwenye mkoba wake. Dakika kumi na moja kabla ya saa kumi na moja, Orysia alibofya mara mbili.

Corliss alipiga simu saa kumi na moja na dakika mbili. "Kumi," alisema. Halafu: "Nimeisoma ya sita mara mbili. Mama yangu pia anasahau. Naweza kuiiga?"

"Nipigie Jumatatu," alisema Orysia. "Na la mama yako litabaki kwangu."

Cheti kilikuja kwa posta, akakitundika chooni, mahali anapoona vyeti vinastahili. Tarehe 20 Desemba, baridi ikiwa ya kupasua midomo, alifungua maktaba mapema, akazifunga siri moja baada ya nyingine. Wenyewe hawakuja. Thora alikuwa ameipoteza kadi, na yule mkulima alikuwa ameshasahau kama aliazimisha kitu.

Saa nne kamili Lavonne aliingia peke yake. Gari la Wendell lilikuwa linanguruma nje. Alifungua mkoba, akaiweka kadi juu ya kaunta.

"Tableti imesema leo unanirudishia kitu changu," alisema. "Sijui ni kitu gani."

Orysia akageuza kioo cha kompyuta ili Lavonne aone, akabofya, ikafungwa.

"Kimerudi salama?" aliuliza Lavonne.

"Salama kabisa."

Orysia akaigonga kadi muhuri, na ilimbidi augonge mara mbili kwa sababu hakuona vizuri. Lavonne akaichukua, akaisoma, akaridhika.

"Mimi," alisema, akivaa glavu zake, "sijawahi kuchelewesha kitu cha maktaba." Na kwenye kumbukumbu za maktaba ambazo Orysia hamwonyeshi mtu, hilo lilikuwa kweli tupu.