Udongo wa Londiani

Ramani ya nyumba ilikuwa tayari tangu Januari, mistari imenyooka kama Linus Kibet alivyofundishwa ujanani, alipokuwa mchoraji ramani Nairobi. Kilichobaki ni rangi. Mkewe, Ann, aliyetangulia kurudi kwao Londiani, Kenya, alimkataza fundi kuchimba hata msingi.

"Mistari siioni," alimwambia Linus. "Nionyeshe nyumba."

Zamani Linus angeshika brashi akaipaka rangi za maji kabla chai haijapoa. Siku hizi mkono ulimtetemeka, na figo zilimfunga Edmonton, London: mara tatu kwa wiki kwenye mashine ya kusafisha damu. Basi, na miaka yake sabini na minne, akajiandikisha darasa la jioni mtaa wa jirani, Walthamstow, ajifunze kupaka rangi za maji kwa kompyuta.

Mwalimu wake, Reena, alimfundisha kutandaza rangi tabaka juu ya tabaka na kuififisha pembezoni kama iliyolowa. Mkono ukiteleza, unafuta. Linus aliipaka nyumba majuma matatu, rangi akizichota kwenye picha alizopiga dirishani kwake. Akamtumia Ann, kifua mbele.

Ann akapiga simu papo hapo.

"Baba Daisy, ni nzuri. Ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Yangu? Mbona imesimama juu ya lami? Udongo wetu umeuacha wapi?" Akacheka. "Umekaa huko sana, mzee wangu."

Linus akaitazama picha. Kweli: ardhi ya kijivu, mbingu ya kijivu, hata majani yalionekana kusikia baridi. Akatafuta wekundu kwenye kompyuta; kila aliojaribu ulikuwa wa tofali au wa nyanya. Akafumba macho auone ule wa nyumbani. Haukuja. Hilo lilimuuma kuliko sindano.

Ndipo akakumbuka viatu. Vilikuwa chini ya kitanda ndani ya mfuko wa plastiki, havijaguswa tangu mazishi ya kaka yake kule Londiani, miaka sita iliyopita. Binti yao Daisy aliwahi kutaka kuviosha, akagombezwa. Linus akakwangua udongo ulioganda kwenye soli kwa kisu cha mezani, akaloweka vumbi kwa matone ya maji, akalipaka kwenye karatasi kwa brashi yake ya zamani. Mkono ukatetemeka, rangi ikatambaa, ikaacha kingo zisizo sawa. Safari hii hakutaka kufuta.

Reena alimsaidia kuiingiza karatasi hiyo kwenye kompyuta na kuitandaza chini ya nyumba.

"Wekundu huu umeutoa programu gani?"

"Ya miguuni," Linus akamjibu.

Linus akamtumia Ann picha mpya. Ann alikawia kupiga. Alipopiga, hakuuliza tena nyumba ni ya nani.

"Nimemwambia fundi aanze Jumatatu. Lakini mlangoni uongeze kibaraza. Tope hilo litaniharibia sakafu."

"Cha ukubwa gani?"

"Cha kutosha viatu jozi mbili."

Kesho yake ilikuwa siku ya mashine. Linus akaivuta kompyuta, akachora kibaraza. Akapaka jozi ya Ann, kisha polepole, kwa mkono ule ule unaotetemeka, akaanza jozi ya pili.